Sura ya Sita: Gololi Zisizo na Fundi

Swali la sura hii niliulizwa na fundi baiskeli. Ni mtu wa Kisauni, Mombasa, aliyehamia London miaka mingi iliyopita, na kibanda chake kiko chini ya daraja la reli upande wa mashariki wa jiji. Nilimpelekea baiskeli yangu kwa sababu gurudumu la nyuma lilikuwa likilia. Akalifungua, akamwaga gololi juu ya kitambaa, akachagua moja iliyokwaruzika na kunisogezea karibu na macho.

“Mwalimu, hii ina mwaka mmoja na nusu, nayo imekwisha. Sasa zile setilaiti zinakaa huko juu miaka kumi na mitano, zina beringi ndani, na hakuna wa kwenda kuzifungua. Wanatumia chuma gani?”

Nikamjibu upesi, kama wajibuvyo watu wasiojua sana: wanatumia chuma kigumu zaidi.

Akacheka. “Hii yako nayo ni ngumu, kaka. Haikufa kwa ulaini. Imekufa kwa kukosa grisi.”

Swali hilo nimekutana nalo tena mara nyingi, kwa madereva, kwa wanafunzi wa ufundi, hata kwa mama mmoja aliyesoma habari za darubini za angani gazetini akajiuliza zinageukaje bila kukwama. Na kila mara nimemkumbuka fundi wa Kisauni, kwa sababu katika sentensi yake fupi alikuwa amekaribia ukweli kuliko mimi.

Gololi kazini

Beringi ni kifaa kinachowezesha kitu kimoja kuzunguka ndani ya kingine bila kusagana. Ile tunayoijua zaidi ina pete mbili za chuma, ya ndani na ya nje, na katikati gololi zinazobiringika. Nyingine hutumia vipande vya mviringo virefu kama vipande vya chaki. Hivyo huitwa rola. Gololi au rola hushikwa na kizimba, yaani pete nyembamba yenye matundu, ili zisikimbizane na kugongana.

Aliyekua akiendesha kigari cha mbao chenye magurudumu ya beringi chakavu anaikumbuka kelele yake barabarani. Ile ni kelele ya chuma kugusana na chuma bila kitu katikati. Kwa fundi, kitu hicho cha katikati ni grisi au oili. Mimi nitakiita kilainishi, kwa kuwa huko tuendako si lazima kiwe na majimaji.

Chombo cha anga kina beringi nyingi kuliko mtu anavyodhani, na kazi zake hazifanani hata kidogo:

- Viungo vinavyogeuza paneli za sola zilifuate jua. Hivi huenda polepole kama mshale wa saa, miaka nenda miaka rudi.
- Magurudumu mazito yaliyofungwa ndani ya chombo, yanayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Gurudumu likiongezwa kasi upande mmoja, chombo chenyewe hugeuka upande wa pili. Ndivyo darubini inavyoelekezwa kwenye nyota bila kuchoma mafuta.
- Pampu za injini za roketi, ambazo hufanya kazi dakika chache tu, lakini dakika hizo ni za kutisha.
- Bawaba za antena zinazotakiwa kufunguka mara moja tu maishani. Zikikataa siku hiyo, basi.

Seremala wa Red Lion Square

Kabla ya kwenda angani, tupande kilima cha Greenwich. Kwenye jumba la zamani la watazama nyota, kusini-mashariki mwa London, zimewekwa saa nne zilizotengenezwa na John Harrison. Alizaliwa Yorkshire mwaka 1693, akakulia Lincolnshire, na akasomea useremala, si usonara wala uhandisi. Watu huenda kuzitazama saa hizo kwa habari ya ramani na bahari. Mimi huenda kutazama beringi.

Shida ya wakati ule ilikuwa hii. Baharia akiwa katikati ya bahari aliweza kujua yuko kaskazini au kusini kiasi gani kwa kupima urefu wa jua au nyota. Kujua yuko mashariki au magharibi kiasi gani kulihitaji ajue saa ngapi huko bandarini alikotoka. Hakukuwa na saa iliyoweza kwenda sawasawa juu ya meli inayoyumba. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayepata ufumbuzi.

Kilichoziharibu saa za siku zile, pamoja na mawimbi, kilikuwa oili. Ilikuwa ya wanyama na mimea. Kwenye baridi iliganda, kwenye joto ikawa maji, na ikikaa sana iligeuka gundi. Saa ileile iliwahi leo na kuchelewa kesho. Wengine walikuwa wakitafuta oili bora. Harrison alijiuliza swali la kiseremala: kwani lazima kuwe na oili?

Alikuwa akiujua mti mmoja wa Karibiani uitwao lignum vitae. Ni mgumu na mzito, ukitoswa majini unazama kama mpingo wetu, ila huu una mafuta yake mwenyewe ndani ya nyuzi. Kitundu kilichotobolewa ndani yake hujipaka chenyewe. Harrison alitengeneza kwa mti huo saa ya mnara ya Brocklesby Park, Lincolnshire, katika miaka ya mwanzo ya 1720, na saa hiyo ingali inatembea bila oili. Kisha akaingia kwenye saa za bahari. Ya kwanza, ambayo leo huitwa H1, aliimaliza mwaka 1735, na mwaka uliofuata ilikwenda Lisbon kwa meli.

Ya tatu, H3, ilimla miaka 19. Sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanyia nyumbani kwake Red Lion Square, katikati ya London, ambako pia alifia mwaka 1776. H3 haikushinda zawadi, na wengi huipita haraka. Lakini ndani yake mna vitu viwili ambavyo msomaji anaviishi kila siku. Kimoja ni ukanda wa shaba nyeupe na chuma uliogandishwa pamoja, unaojipinda joto linapobadilika. Ndio mzazi wa kile kinachozima pasi ya umeme ikishapata moto. Cha pili ni rola ndogo zilizopangwa ndani ya kizimba, zinazobiringika bila tone la oili. Kila beringi ya bodaboda ina damu ya H3.

Hebu yatazame masharti aliyofanyia kazi. Mashine inakwenda safari ya miezi. Joto linapanda na kushuka. Hakuna kuifungua njiani. Ikikosea, watu wanapotea. Ukiondoa neno meli ukaweka neno chombo cha anga, hakuna sharti linalobadilika.

Madonge yasiyonyunyiziwa unga

Sasa tupande juu. Watu wengi hudhani kwamba mahali pasipo vumbi, mvua wala mchanga ni peponi kwa beringi. Ukweli ni kinyume chake, na sababu yake iko jikoni.

Anayepika chapati hukata unga uliokandwa kuwa madonge na kuyanyunyizia unga mkavu. Akisahau, madonge mawili yakigusana yanakuwa donge moja, wala huwezi tena kuonyesha mpaka ulikuwa wapi. Metali nazo ziko hivyo. Chuma tunachokishika hapa duniani kamwe si chuma kitupu. Juu yake pana utando mwembamba sana uliotokana na oksijeni ya hewa. Utando huo ndio unga mkavu. Ukikwaruzwa, hewa hurudisha mwingine papo hapo.

Angani kuna ombwe, yaani mahali pasipo hewa. Utando ukikwaruzwa, haurudi. Metali mbili zikabaki uchi, zikasukumana, na hasa zikiwa za jamii moja, zinaweza kushikana zikawa kitu kimoja bila moto wala cheche. Wahandisi huita jambo hili kuganda baridi. Fundi wa kuchomelea angeona wivu.

Ombwe pia hukausha. Oili ya kawaida ikifika huko huanza kupotea kama maji ya sufuria iliyosahauliwa jikoni, na mvuke wake huenda kutua kwenye lenzi za kamera. Kuna joto: upande unaotazama jua unaungua huku upande wa kivulini ukiwa chini ya nyuzi 100 za baridi. Na kabla ya hayo yote kuna safari yenyewe ya kupanda. Roketi hutikisa mzigo wake kama lori la makreti ya soda kwenye barabara mbovu. Gololi zilizosimama hugonga pete mahali palepale mara maelfu na kuacha vishimo visivyoonekana kwa macho. Baadaye, beringi inapozunguka, kila gololi inayopita juu ya kishimo hutikisika, na picha ya darubini hutikisika nayo.

Mfano unaoumiza zaidi ni wa chombo cha Galileo, kilichotumwa na Marekani kwenda sayari ya Mshtarii. Kilitakiwa kuondoka mwaka 1986, lakini ajali ya Challenger, chombo cha Space Shuttle, mwezi Januari mwaka huo ikasimamisha safari zote za vyombo hivyo. Galileo ikarudishwa California kwa lori, ikatunzwa, kisha ikapelekwa tena Florida kwa lori. Iliruka Oktoba 1989. Tarehe 11 Aprili 1991 ikaamriwa kufungua antena yake kubwa, iliyokunjwa kama mwavuli wenye mbavu 18. Mwavuli ulifunguka nusu. Mbavu kadhaa zilikuwa zimeng’ang’ania mahali pake, kwa kuwa kilainishi kikavu kilichopakwa kwenye pini zake kilikuwa kimeliwa na mitikisiko, na sehemu kubwa ya mitikisiko hiyo ilikuwa ile ya lori. Pini za titani zikabaki bila unga mkavu.

Miaka iliyobaki Galileo ilituma picha zake kwa antena ndogo, kwa kasi iliyopungua mara elfu na zaidi. Wanasayansi waliokoa kazi nyingi kwa werevu wa kompyuta, na nawapa heshima yao. Lakini mwavuli haukufunguka kamwe.

Kwa ufupi: angani beringi haifi kwa uchafu. Hufa kwa kupoteza kile kilichokuwa kati ya metali na metali. Ugumu wa chuma unaweza kuchelewesha kifo hicho, si kukizuia.

Sonara na aloi zake

Aloi ni metali iliyochanganywa na kitu kingine ili ipate tabia ambayo haikuwa nayo. Sonara hafui pete ya dhahabu tupu, kwa kuwa ingepinda kidoleni. Huitia shaba au fedha kidogo. Chuma cha pua nacho ni aloi: chuma kilichotiwa kaboni.

Gololi za baiskeli yangu zina kaboni takriban asilimia 1 na kromi asilimia 1.5. Ni aloi nzuri, rahisi, na imebeba magari ya dunia kwa zaidi ya miaka mia. Kosa lake ni kutu. Utasema, kutu ya wapi angani? Ya hapa chini. Setilaiti hukaa miezi, pengine miaka, ikisubiri zamu, na viwanja vikubwa vya kurushia roketi, Florida na Guyana ya Ufaransa, viko ufukweni, kwenye hewa ya chumvi kama ya Mombasa. Doa moja la kutu kwenye gololi linatosha kuiharibu.

Kwa hiyo wahandisi walikimbilia aloi iitwayo 440C, yenye kromi takriban asilimia 17. Kromi hujifunika utando imara usiopitisha kutu. Ndiyo siri ya vijiko vyetu vya jikoni. Kwa miongo mingi 440C imekuwa chuma cha kawaida cha beringi za anga. Nayo ina ila yake. Kaboni na kromi nyingi zikikutana hutengeneza punje ngumu kubwa ndani ya chuma, mfano wa vijiwe kwenye wali. Wali ni laini, meno yako yanapita vizuri, kisha unauma kijiwe. Ufa huanzia hapo.

Dawa iliyopatikana Ujerumani ilikuwa kupunguza kaboni na kutia nitrojeni mahali pake, kwa kuyeyusha chuma chini ya mgandamizo mkubwa ili gesi isitoroke. Punje zikawa ndogo na zikatawanyika vizuri. Aloi hiyo, Cronidur 30, ilifikia hata pampu za injini za vyombo vya Space Shuttle, mahali ambapo beringi inazunguka ndani ya oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa majimaji.

Wengine walibadilisha gololi zenyewe. Badala ya chuma wakaweka kauri, si ile ya vigae bali nitridi ya silikoni, yaani silikoni iliyounganishwa na nitrojeni. Ni ngumu, uzito wake ni kama asilimia 40 ya chuma, na kubwa kuliko yote, haigandani na chuma. Ni donge la unga mwingine kabisa.

Metali iliyokataliwa

Aloi ninayoipenda mimi ni nyingine, na hadithi yake inaanza kwa kukataliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, William Buehler wa maabara ya silaha za jeshi la majini la Marekani, huko Maryland, alikuwa akichanganya nikeli na titani. Mchanganyiko wenye nikeli asilimia 55 kwa uzito ulionyesha maajabu: ukikunjwa kisha ukipashwa moto, unarudi umbo lake la kwanza. Ukaitwa nitinoli, na leo upo kwenye waya wa kunyooshea meno na kwenye fremu za miwani zisizovunjika. Mchanganyiko mwingine, wenye nikeli asilimia 60, ulikuwa mgumu mno, haushiki kutu, haushikwi na sumaku. Lakini ulivunja vifaa vya kuuchonga na wenyewe ukapasuka ukipozwa. Ukawekwa kando, na ukakaa kando kwa miaka zaidi ya 40.

Aliyeurudisha ni Christopher DellaCorte, aliyekuwa mhandisi wa NASA mjini Cleveland. Wakati wake mbinu zilikuwa zimebadilika: badala ya kuyeyusha na kumimina, aloi husagwa ikawa unga, ikashindiliwa kwa moto na mgandamizo, ikachongwa kwa mawe ya kisasa. Ndipo ilipoonekana tabia ambayo wengi hawakuitarajia kwa metali ngumu. Nitinoli 60 inakaribia ugumu wa chuma cha beringi, lakini chini ya mzigo uleule inanepa karibu mara mbili ya chuma, kisha inarudi.

Faida yake ni hii. Mtu akikaa kwenye benchi la mbao, uzito wake wote uko kwenye mifupa miwili. Akikaa kwenye kitanda cha kamba, kamba zinanepa na uzito unasambaa. Gololi ya nitinoli 60 ikigongwa, inanepa kidogo, eneo linalobeba mzigo linapanuka, na kishimo hakibaki. Roketi na itikise itakavyo. Moja ya kazi za mwanzo ambazo beringi hizi zilitayarishiwa si ya fahari hata kidogo: mtambo wa kusafisha mkojo wa wanaanga katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mkojo uliotiwa dawa ya kutunzia una asidi inayokula chuma, na nitinoli 60 haina habari nayo.

Hata hivyo nisimdanganye msomaji. Nitinoli 60 peke yake bila kilainishi itasagika kama wengine. Ndani ya mchanganyiko huo mna titani, na titani ikiguswa kavu na metali nyingine ina sifa mbaya ya kung’ang’ania, kama tulivyoona kwenye mwavuli wa Galileo. Faida nyingine ya nitinoli 60, ambayo wahandisi huitaja kwa furaha, ni kwamba inaelewana na oili.

Pete ya mita tatu

Anayetaka kuona ugumu ulivyowadanganya watu wenye elimu kubwa, asome yaliyotokea kwenye Kituo hichohicho cha Kimataifa cha Anga mwaka 2007.

Paneli zake za sola hubebwa na viungo viwili vikubwa, kila kimoja kikiwa na pete ya chuma yenye kipenyo cha zaidi ya mita tatu. Pete huzunguka duara zima kila kituo kinapoizunguka dunia mara moja, yaani kila baada ya dakika 90 hivi. Inabebwa na vifungu 12 vya rola. Uso wa pete ulikuwa umegumishwa kwa nitrojeni mpaka ukawa mgumu sana, na rola zilipakwa dhahabu nyembamba. Dhahabu hapa haikuwa pambo. Ni laini, inateleza, ndiyo iliyokuwa unga mkavu.

Mwaka huo kiungo cha upande wa kulia kikaanza kutetemeka na kula umeme mwingi. Mwezi Oktoba mwanaanga Dan Tani akafungua kifuniko akakuta vumbi la chuma limetapakaa. Uso mgumu wa pete ulikuwa umemeguka. Uchunguzi ulionyesha kwamba dhahabu haikushika vizuri. Ilipotoka, msuguano ukaongezeka, rola zikaanza kwenda upande, zikabana ukingo mmoja. Uso wa pete ulikuwa kama gamba la mkate: mgumu juu, laini chini. Ukilibonyeza gamba kwa kidole kimoja, linapasuka, si kwa sababu si gumu bali kwa sababu chini yake hamna wa kulishikilia.

Ukarabati ulifanyika Novemba 2008, na fundi wangu aliposikia habari hii alipiga paja kwa furaha. Wanaanga walitoka nje wakafuta vumbi, wakabadilisha vifungu 11 kati ya 12, kisha wakafanya nini? Wakapaka grisi. Grisi ya ombwe isiyogeuka mvuke ovyo, ya bei kubwa, lakini grisi, kwa bomba la mkono. Heidemarie Stefanyshyn-Piper alikuta bomba moja limevuja ndani ya mkoba wake. Alipokuwa akijifuta, mkoba ukamponyoka ukaelea zake. Ulizunguka dunia kwa miezi kadhaa, watu wakiutazama kwa darubini za uani, hadi ulipoungua ulipoingia angahewa mwaka 2009. Kiungo kilipona. Hata kile cha kushoto, kilichokuwa kizima, kilipakwa grisi kwa tahadhari.

Ripoti iliyozaa neno

Tukirudi London, mjini humu ndimo elimu hii ilimopewa jina. Machi 1966 kamati iliyoongozwa na mhandisi Peter Jost ilitoa ripoti kwa serikali kuhusu msuguano, kusagika na ulainishaji. Ilikadiria kwamba viwanda vya Uingereza vingeweza kuokoa pauni milioni 515 kwa mwaka kwa kuyajali tu mambo hayo matatu. Ili yasiendelee kuwa kazi ya kila mtu na hivyo isiyo ya mtu yeyote, yaliunganishwa chini ya neno jipya lililoundwa kutokana na Kigiriki cha kusugua: tribolojia.

Ripoti nyingi za serikali huishia kabatini. Hii ilizaa vituo, kimojawapo Risley, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na tangu mwaka 1972 hapo pamekuwa na maabara ya Ulaya ya tribolojia ya anga. Beringi huzungushwa ndani ya matangi yaliyoondolewa hewa, miezi na miaka, kabla ya kuruhusiwa kupanda. Na umaarufu wa maabara hiyo umejengwa juu ya nini? Risasi. Ile metali laini, nzito, inayotiwa kwenye nyavu za wavuvi zizame. Hutandazwa juu ya pete za beringi kwa umeme ndani ya ombwe, utando mwembamba kuliko unywele mara nyingi, nayo imebeba viungo vya paneli za sola za setilaiti nyingi za Ulaya kwa miongo. Aloi ya kisasa chini, metali ya wavuvi juu.

Mshindani wake mkubwa ni molibdeni iliyounganishwa na salfa, unga wa kijivu unaoteleza kwa tabaka kama karata. Katika ombwe ni bingwa. Kwenye hewa yenye unyevu huchakaa upesi, ndiyo maana chombo kilichopakwa unga huo hakijaribiwi ovyo hapa chini: kila jaribio linakula akiba ya safari.

Umeme nao unaweza kuiua beringi, na hapa ya darubini ya anga ya Kepler nayataja kwa kifupi. Iliruka Machi 2009 ikiwa na magurudumu manne ya kujigeuzia. Moja likafa Julai 2012, lingine Mei 2013, na kazi yake ya kwanza ikakoma. Baadaye wahandisi waliochunguza magurudumu ya aina hiyo walielekeza kidole kwenye dhoruba za jua: chaji ya umeme hujikusanya, kisha cheche huruka kati ya gololi ya chuma na pete na kuchimba uso wake. Gololi za kauri hazipitishi umeme. Jambo ambalo mwanzoni lilikuwa faida ya pembeni limegeuka sababu mojawapo kubwa ya kuzichagua.

Saa iliyosimamishwa

Jumapili moja nilimpeleka fundi Greenwich. Tulisimama mbele ya H1, yenye mikono yake ya shaba inayopepea kama mende mkubwa, kisha H2, kisha H3. Zote tatu zilikuwa zikitembea. Alikaa muda mrefu kwenye H3 akitafuta rola, akalalamika kwamba kioo kinamzuia.

Tukafika kwa H4. Hiyo ndiyo iliyomletea Harrison jina: saa ndogo mfano wa saa kubwa ya mfukoni, iliyokwenda Jamaica mwaka 1761 na baada ya siku 81 ikawa imekosea sekunde 5 tu. Ndiyo nzuri kuliko zote. Mishale yake ilikuwa imesimama.

“Hii mbona imekufa, mwalimu?”

Haijakufa. Harrison alipoifanya ndogo, mti wa mafuta na rola havikuingia tena, akalazimika kutumia oili. Watunzaji wanaweza kuiwasha leo hii. Hawaiwashi, kwa kuwa oili huchakaa na kila mwendo ungeisaga. Zile tatu zisizo na oili zinatiwa ufunguo kila siku.